Mficha Uchi Hazai: Na Mume Je?

Wazee wetu walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii sote tumeisikia tangu utotoni, na sote tumeitumia kwa mambo mengine kabisa: mwenye deni asiyetaka kueleza shida yake, mwanafunzi aonaye haya kuuliza asilolijua, mgonjwa amfichaye tabibu maradhi yake. Lakini yenyewe imezaliwa chumbani, mbele ya mkunga. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, hata awe na haya namna gani, hana budi kujifunua kwa mkunga wake, la sivyo kazi haifanyiki. Kwa hivyo ukiitazama vyema utaona kuwa methali yetu imemlenga mwanamke peke yake. Yeye ndiye wa kufunuliwa. Leo nataka kuirudisha methali hii kwao, kwenye mambo ya uzazi, kisha niiulize swali moja: na mume je?

Lililonichokoza hata nikashika kalamu ni hili.

Nina desturi, kila nifikapo Nairobi, kupita Kariokor kutengenezesha makubadhi yangu. Soko lile halina mfano kwa kazi ya ngozi na kwa vyondo. Mafundi hukaa wamezungukwa na mikanda, nyuzi na vipande vya mpira wa gari, na harufu ya gundi ikachanganyika na ya nyama ya kuchoma hata hujui umeanza kuinusa ipi. Jina la mtaa wenyewe, kama wengi wajuavyo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 wabebe mizigo ya jeshi dhidi ya Wajerumani. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ina asili hiyo hiyo. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu, na wengi hawana kaburi lijulikanalo. Kila nipitapo hapo hunijia fikra kuwa walikuwamo vijana wengi waliokufa bila kuacha mtoto wa kuwataja, na kwamba jina la mtaa ndilo lililobaki badala ya wana wao.

Fundi wangu ni mtu wa kwetu Mvita, umri wake wa miaka thelathini na kitu. Yeye na bibi yake wanakaa katika nyumba za ghorofa za papo hapo Kariokor. Jina lake sitalitaja, na mambo mengine nimeyafunika kidogo ili wasijulikane, lakini haya ninayoyasema wote wawili wameniruhusu niyaseme. Wameoana miaka mitano sasa na Mwenyezi Mungu hajawajaalia mtoto.

Sasa, mtu wa Pwani asiyeishi mitaa ya Nairobi huenda asijue jambo hili. Kule mwanamke haitwi kwa jina alilopewa na babake. Huitwa kwa mtoto wake: Mama Asha, Mama Otieno, Mama Wanjiru. Asiyekuwa na mtoto huitwa kwa biashara yake, mfano wa Mama Mboga au Mama Samaki. Huyu bibi, kwa kuwa mumewe ni mshona viatu, jirani wakamwita Mama Viatu. Walimwita kwa mapenzi, wala hawakuwa na nia mbaya. Lakini yeye aliniambia kuwa kila asikiapo jina hilo ngazini huhisi kama amesomewa hukumu. Mahali penyewe si mbali na hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926 na ambayo ni miongoni mwa kubwa za uzazi katika Afrika ya Mashariki. Kutwa kucha hupita wanawake wenye matumbo wakienda, na wenye vichanga wakirudi. Yeye huwatazama kutoka dirishani akianua nguo.

Nilimkumbusha kuwa Bibi Aisha, mamaetu sisi Waislamu, hakuzaa. Alipomweleza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa wenzake wote wana majina ya kuitwa kwa wana wao, Mtume alimpa jina la Ummu Abdillahi, kwa mtoto wa dada yake, Abdallah bin Zubeir. Bibi akatabasamu. "Ami," akaniambia, "huyo aliyepewa jina na Mtume hakuwa na mavyaa anayempigia simu kila Ijumaa."

Naam, habari ya mavyaa nitaifikia.

Katika miaka hiyo mitano, bibi huyu amefanya nini? Afadhali niulize hakufanya nini. Kwanza alinywa makombe, yaliyoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi, yakasafirishwa kwa basi kutoka Mombasa ndani ya chupa ya maji ya kununua. Alifanyiwa zinguo. Alifukizwa. Alikandwa tumbo na mama mmoja wa Majengo aliyemwambia kuwa mji wake wa mimba umelala kifudifudi na wahitaji kugeuzwa. Mimi si mtu wa kubeza kombe. Nimelinywa utotoni kwa homa na kwa woga wa giza, na maneno yaliyomo ni maneno matukufu. Nililostaajabia ni jambo moja tu: makombe yote hayo yaliandikiwa mke. Hata dua, jamaa, tumeielekeza tumbo moja! Wanakaa wawili, wanalala wawili, hamu ya mtoto ni ya wote wawili, lakini anayefukizwa ni mmoja.

Kisha akaenda hospitali, na huko nako akaenda peke yake. Akatolewa damu siku ya pili ya hedhi ili zitazamwe homoni zinazoamrisha mayai kukomaa. Akatolewa tena karibu na siku ya 21, ionekane kama yai limeshuka mwezi huo. Akapigwa picha ya mawimbi ya sauti, kutazama kama fuko la uzazi lina uvimbe na kama mayai yanakua. Mwisho akafanyiwa ile picha ya eksirei ambayo humo hupitishwa dawa ya maji kwenye shingo ya fuko la uzazi, ili ionekane kama mirija iko wazi au imeziba. Picha hiyo hupigwa hedhi ikishakwisha, kabla yai halijashuka, na baadhi ya wanawake huumwa sana. Yeye aliumwa sana. Alirudi nyumbani kwa matatu, amesimama, kwa kuwa viti vilijaa.

Majibu yote yalikuwa mema. Daktari akaandika karatasi nyingine, jina lililo juu yake likiwa la mumewe, akamwambia, "Sasa mwambie bwana naye aje." Karatasi hiyo ilikaa ndani ya mkoba wake miezi saba.

Si kwamba hakumwambia. Alimwambia usiku wa kwanza. Naye fundi wangu, kijana mpole asiyepaza sauti hata kwa mteja asiyelipa, aligeukia ukutani akasema maneno manne tu, na maneno hayo hayo ndiyo aliyonijibu mimi nilipomgusia jambo lile huku ameshika kubadhi langu mkononi: "Ami, mimi si hanithi."

Hapo ndipo nilipotambua kuwa maradhi mengine tunayo katika lugha kabla hatujawa nayo mwilini. Kiswahili chetu, ambacho kina jina la kila upepo na kila kamba ya jahazi, kimemwekea mwanamke asiyezaa neno lake, tasa, neno ambalo twamwita hata mbuzi. Lipo na neno mgumba, na kwa haki ya lugha mgumba ni mtu yeyote asiyepata mtoto, mume au mke. Lakini nani kati yetu aliyewahi kusikia barazani mwanamume akitajwa kwa neno hilo? Kwa mume tuna neno moja tu tunalolikimbilia, hanithi, nalo ni la yule asiyeweza tendo lenyewe la ndoa. Ama mwanamume mzima, mwenye nguvu zake zote, ambaye mbegu zake ni chache au hazina mwendo, huyo hatuna jina lake linalotembea vinywani. Na kwa kuwa hana jina, watu hudhani hayupo. Ukimwambia akapimwe, yeye husikia unamwambia si mwanamume.

Lugha ya Kurani haikufanya hivyo. Tuliopigwa bakora chuoni kwa ajili ya Suratu Shuura twalikumbuka neno lililomo katika aya yake ya 50: akimu. Aya hiyo na iliyo kabla yake zinazungumza juu ya Mola kuwagawia waja wana wa kike na wa kiume apendavyo, na kumjaalia amtakaye asizae. Amtakaye! Haikutajwa kuwa ni mke. Neno lenyewe laingia kwa mume na kwa mke. Na tazama adabu ya Nabii Zakariya katika dua yake ndani ya Suratu Maryam. Alipokwenda kuomba mtoto, hakuanza kwa kumshitaki mkewe. Alianza kwa kujitaja yeye, udhaifu wa mifupa yake na mvi zilizomtanda kichwani, kisha ndipo akataja kuwa mkewe hazai. Mtume wa Mwenyezi Mungu alijipima yeye kwanza. Sisi, ambao si mitume, twatuma mke na karatasi.

Na kipimo chenyewe, lau watu wangalijua, ndicho chepesi kuliko vyote vilivyomo katika habari hii. Hapana sindano. Hapana kulazwa. Hapana eksirei. Mume hukaa siku mbili, zisipite saba, bila kutoa manii. Kisha manii yake hutiwa katika chombo safi alichopewa na hospitali, yakapelekwa maabara mapema, ndani ya nusu saa au saa moja, yakitunzwa karibu na mwili yasipoe. Mtu wa Kariokor atataka kuitoa saa hiyo mapema asubuhi, kabla magari hayajasongamana, au aifanyie kazi hiyo huko huko hospitali penye faragha. Mipira ya kondomu ya dukani haifai kuchukulia, kwani mingi ina mafuta au dawa ya kudhuru mbegu. Basi. Ndiyo yote. Tena gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ya picha ya mirija.

Wako watakaoniuliza: na sheria, Maalim? Swali ni la haki na halipaswi kuonewa haya. Kujitoa manii kwa mkono wako mwenyewe ni jambo ambalo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wamelikataza. Lakini kwa mkono wa mkeo wa halali hawakulikataza, na wanazuoni wa zama hizi wamelijadili hili la kupimwa na kulipa ruhusa kwa haja ya matibabu. Kwa hivyo mke mwenyewe, ambaye kwa miaka mitano amehangaishwa peke yake, ndiye awezaye kuwa mshirika wa mumewe katika kipimo hiki, chumbani mwao, mlango umefungwa. Sioni aibu iko wapi. Na Mtume alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, wala hakusema isipokuwa wanaume.

Huko maabara hutazamwa mambo kadhaa kwa hadubini. Shirika la Afya la Ulimwengu lina kitabu cha kuwaongoza wapimaji, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1980, na toleo lake la sita likatoka 2021. Humo imewekwa mipaka ya chini. Kiasi cha manii, mililita 1.4, yaani hakifiki hata theluthi ya kijiko cha chai. Idadi ya mbegu, milioni 16 katika kila mililita. Zinazotikisika, asilimia 42. Nimezitaja hesabu hizi kwa sababu moja: zinamwonyesha mwanamume kuwa jambo hili ni la kuhesabiwa, kama sukari ya damu ihesabiwavyo, wala si la kuhukumiwa uume. Na mipaka hiyo haikukusudiwa kuwa ukuta. Ilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba katika muda wa mwaka mmoja, na wako miongoni mwao waliokuwa chini ya mpaka, wakazaa. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Mbegu huchukua yapata miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali ya wiki chache zilizopita yaweza kuzipunguza. Ndiyo maana mwenye majibu mabaya huambiwa arudi baada ya miezi mitatu.

Ziko sababu nyingi za upungufu huo, na nyingine zatibika. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, matumbwitumbwi yaliyompata mtu baada ya kubaleghe, kisonono kisichotibiwa sawasawa, sigara, na siku hizi hizi sindano za homoni ya kiume wanazojidunga vijana watakao vifua vipana. La mwisho hili ni ajabu ya Mungu: mtu ajitengeneza aonekane dume, na dawa yenyewe ikamzimia mbegu.

Sisemi kuwa kila penye nyumba bila mtoto mwenye dosari ni mume. La hasha. Katika nyumba hizo, karibu nusu hukutwa mume naye ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mke. Upande wa wanawake wa Afrika yetu, uchunguzi wa Shirika la Afya la Ulimwengu wa miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ulionyesha kuwa mirija iliyoziba kwa sababu ya maambukizo ilikuwa mingi kuliko katika mabara mengine: kisonono, klamidia, na uchafu unaoingia baada ya uzazi au mimba iliyoharibika. Na maambukizo hayo, kwa yaliyo mengi, mke wa nyumbani hakuyaokota sokoni. Sitaendelea hapo, mwenye masikio amesikia.

Ninachosema ni juu ya utaratibu. Madaktari wanahesabu kuwa mume na mke waliokaa mwaka mmoja pamoja bila kuzuia mimba na bila kushika, ni haki yao kutazamwa. Na kama mke amepita miaka 35 wasingoje zaidi ya miezi sita, kwa kuwa mayai ya mwanamke hayangoji. Watazamwe wawili, siku moja, mlango mmoja. Fundi wangu na mkewe wamepoteza miaka, na kati ya hiyo miezi saba ilipotea ndani ya mkoba. Yeye ana thelathini na mitatu. Miezi saba kwa mwanamke wa thelathini na mitatu si kitu cha kuchezewa.

Wala tusidhani haya ni mambo ya watu wachache waliolaaniwa. Mwaka 2023 Shirika hilo hilo lilitoa hesabu kuwa kadiri ya mtu mmoja katika kila sita ulimwenguni hupatwa na tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake. Hesabu safu moja msikitini siku ya Ijumaa utajua nina maana gani.

Sasa nije kwa mavyaa. Mama huyu, Mungu amweke, ni mtu mwema, nami namjua. Lakini alikwisha kumtafutia mwanawe mke wa pili, binti wa watu wa heshima huko Likoni. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu: "Mwanangu, umefikiri?" Sheria imemruhusu mtu kuoa wa pili akiweza uadilifu, na sikuja hapa kuifuta. Lakini katika jambo hili tumemgeuza mke wa pili kuwa hadubini! Twamwoa ili tujue mbegu za mwanamume zina uhai au hazina. Mtoto wa watu aolewa, apigiwa vigelegele, apambwa kwa vikuba, kumbe yeye ni kipimo. Mwaka ukipita kimya, naye huanza kunyweshwa makombe. Ukipita wa pili, aachwa, arudi kwao na jina la tasa ambalo si lake. Nimewaona wanaume waliooa mara tatu kwa namna hii. Na nimeona pia nyumba ambazo mke wa tatu alizaa upesi sana, na watu wakapongezana, na wengine wakatazama pembeni. Hayo hayaandikwi gazetini.

Iko kisa kinachopokewa kutoka kwa Seyyidna Omar bin Khattab, nami nashangaa kuwa hakisomwi zaidi katika hotuba zetu za ndoa. Alimtuma mtu kazi ya kukusanya zaka, na mtu yule akaoa mwanamke huko, naye ni mtu asiyezaa. Omar alimwuliza kama alimjulisha mwanamke yule kuwa hazai. Akajibu kuwa hakumjulisha. Omar akamwamrisha aende akamweleze, kisha ampe hiari yake. Ingawa katika madhehebu yetu kutozaa si miongoni mwa zile aibu za kuvunjia ndoa mbele ya kadhi, kama ulivyo uhanithi ambao kadhi humpa mume mwaka mmoja wa kungojewa, amri ya Omar imebaki pale pale. Mke ana haki ya kujua. Na mume atamwelezaje mkewe jambo ambalo yeye mwenyewe amekataa kulijua?

Haya yote nilimwambia fundi wangu, siku moja kidogo, siku nyingine kidogo, maana kubadhi moja nililileta mara nne. Hakunijibu. Alikuwa akitoboa ngozi kwa msharasi, akanyamaza. Lakini siku ya nne alinambia jambo ambalo nimelazimika kulikubali. Alisema, "Ami, kumbe hujui. Mimi nilikwenda." Alikuwa ameiiba ile karatasi mkobani mwa mkewe, akaenda nayo kwenye maabara moja mjini. Alipofika zamu yake, kijana wa dirishani akapaza sauti mbele ya benchi zima: "Wa manii ni nani hapa?" Watu wakageuka. Fundi wangu naye akageuka, kama wenzake, akimtafuta huyo wa manii ni nani. Kisha akatoka nje akarudi sokoni.

Nilicheka, naye akacheka, lakini si kichekesho. Tunawalaumu waume kwa kuficha uchi, na ni haki kuwalaumu, lakini anayetakiwa kujifunua ni lazima afunguliwe mlango. Mkunga wa kale alikuwa na pazia lake. Hospitali na maabara zetu, za serikali na za watu binafsi, zitafute chumba cha faragha na zimfunze kijana wa dirishani kuita jina la mtu, au nambari yake, si kipimo chake.

Wengine wataniambia kuwa kupimwa ni kufungua mlango wa yale mambo ya watoto wa chupa. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na Kenya ilipata wa kwanza mwaka 2006. Wanazuoni hawakulala. Mufti wa Misri, Jadul Haqq, alitoa fatwa Machi 1980, na Majmaa ya Fiqhi ya mataifa ya Kiislamu ikakata neno ilipokutana Amman, Oktoba 1986: mbegu ya mume na yai la mkewe, ndoa ikiwa hai, hapana ubaya kwa mwenye dharura, kumwingiza mtu wa tatu, kwa mbegu, yai au fuko la uzazi, ni haramu, kwa kuchunga nasaba. Hilo ni la mbele, na lina gharama ambayo fundi wa viatu hataifikia kwa urahisi. Wengi hawatalihitaji. Lakini hakuna ajuaye kama atalihitaji au la, maadamu karatasi imo mkobani.

Alikwenda mara ya pili, mahali pengine, na safari hii mkewe alimsindikiza akakaa naye kwenye benchi. Majibu yalitoka: milioni sita katika mililita, na mwendo dhaifu. Daktari alimpapasa akamkuta na mishipa iliyovimba upande wa kushoto. Akaambiwa aache sigara, arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena, kisha waone kama mishipa itafaa kufungwa.

Ijumaa hiyo nilikuwapo kwao, nimealikwa chakula. Simu ililia baada ya sala, kama kawaida yake. Fundi aliitazama ikalia, kisha akaipokea akaiweka mezani sauti iwe wazi, sijui kwa nini, labda alitaka sote tuwe mashahidi.

"Mwanangu, umefikiri?"

"Nimefikiri, mama. Usimtafute yule binti tena. Nimepimwa. Mwenye upungufu ni mimi."

Pakawa kimya. Mkewe alikuwa ameshika bakuli la mchuzi, hakuliweka chini. Nilisikia kwenye simu jogoo akiwika huko Mombasa, na mtu akimwita mwenziwe ng'ambo ya barabara.

"Wewe?" akasema mama.

"Mimi, mama."

"Na mkeo ajua?"

"Ajua. Yuko hapa."

Kikapita kimya kingine. Kisha yule mama, kwa sauti ya mtu aliyepewa hesabu mpya akaanza kuifanya, akasema, "Basi hilo kombe la mwezi huu nimekwisha kulipeleka kwenye basi. Mwambie mkeo asilinywe. Kunywa wewe."

Juma lililopita nilipita Kariokor kuchukua makubadhi. Chupa ilikuwa juu ya meza ya kazi, kando ya kopo la gundi, imebaki nusu, na chini yake, isipeperushwe na upepo, ile karatasi ya kupimwa mara ya pili.